Waliorudi nyumbani bila kupiga kura: yaliyotokea mlangoni mwa vituo Agosti 2022

MwanaKivuko
Hamjambo wanaukumbi. Kila uchaguzi ukikaribia, mazungumzo yetu huwa ni seva, fomu na Bomas, ukumbi wa kujumlisha kura za urais. Mie nataka tuzungumze habari za mlangoni.

Agosti 9, 2022, siku ya uchaguzi mkuu wa Kenya, nilikuwa karani katika kituo kimoja hapa Mombasa, shule ya msingi yenye strimu (vyumba vya kupigia kura) kadhaa. Tangu siku ile kuna jambo linanikereketa. Watu niliowaona kwa macho yangu wakikosa kura hawakuibiwa. Waliambiwa "rudi nyumbani" na mtu asiye na mamlaka ya kumrudisha yeyote, nao kwa heshima zao wakarudi.

Niwape kisa cha mzee mmoja. Kazi yake ya maisha ni kuchonga mawe na kukoroga saruji, vidole vyake vimekuwa laini kama sahani. Akaweka kidole kwenye KIEMS, ile mashine ya kutambua wapiga kura, ikakataa. Akapanguswa, akaweka kingine, ikakataa. Kijana aliyekuwa akisaidia kupanga foleni akamwambia, "Mzee, humu jina lako halimo, pole." Mzee akavaa kofia yake akashika njia. Hakugomba. Alisema tu "haya mwanangu."

Sasa, mashine kukataa kidole si mwisho wa safari. Karani anatakiwa aandike nambari ya kitambulisho ndani ya mashine hiyo hiyo. Jina na picha vikitokea, msimamizi wa kituo anajaza Fomu 32A mbele ya maajenti wa wagombea, mtu anapiga kura yake. Kazi ya dakika chache. Mzee hakulijua hilo, na yule kijana pia hakulijua, au alilijua akaona uvivu.

Aliyemwokoa ni mjukuu wake wa kike, hajafika hata umri wa kupiga kura. Wiki moja kabla alikuwa ametuma nambari ya kitambulisho ya babu yake kwa 70000, nambari ya ujumbe mfupi ya tume ya uchaguzi, akapata ujumbe wenye jina na kituo chake. Mzee alipofika nyumbani, msichana akamrudisha mbio kwa bodaboda, simu mkononi. Walifika saa 11 kasoro dakika chache. Akaingia kwenye foleni kabla ya kufungwa, na aliye ndani ya foleni saa 11 jioni ikigonga ana haki ya kupiga kura hata kama zamu yake itafika saa 2 usiku. Alipiga.

Kwa hiyo uzi huu nataka tuandike yaliyotupata mlangoni, na dawa yake kama ipo. Kura ijayo ni Agosti 10, 2027. Matusi ya vyama tupeleke kwingine tafadhali.

Fundi_Stima
Mimi nilifika saa 11 alfajiri, nikapanga foleni, saa 12 na nusu mlango ukafunguliwa (walichelewa nusu saa, wanahesabu karatasi). Saa 3 asubuhi nafika mezani naambiwa strimu yangu ni ile ya nyuma ya choo, hii ni ya herufi nyingine. Saa nne zote nimesimama nyuma ya watu wa A mpaka H, na mimi ni M!

Orodha ilikuwa imebandikwa ukutani, ndiyo. Ila alfajiri giza, watu mia mbili wamejazana mbele yake, nani ataisoma?

MwanaKivuko
@Fundi_Stima pole. Hilo ndilo lililotumaliza asubuhi. Kila strimu haipiti wapiga kura 700, kwa hiyo shule kubwa inaweza kuwa na strimu kumi au zaidi, zimegawanywa kwa herufi za majina. Karani wa kuelekeza watu yupo, lakini saa 12 asubuhi mtu mmoja atawaelekeza wangapi?

Nusu saa mliyopoteza mngeweza kuidai lakini. Kituo kikichelewa kufunguliwa, msimamizi anaongeza muda ule ule mwishoni. Kwetu tulichelewa dakika 20, tukafunga 11 na dakika 20.

Kahawa Tungu
Vijana mnalalamika foleni. Mimi nilipiga kura mwaka 1988 na foleni yenyewe ndiyo ilikuwa kura. Mlolongo. Unasimama nyuma ya picha ya mgombea, uwanjani, mchana kweupe, chifu anakutazama, mwajiri wako anakutazama, shemeji yako amesimama kwenye mstari wa pili anakukodolea macho. Ulikuwa uteuzi wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati ule, lakini aliyepita asilimia 70 alikuwa amekwenda bungeni tayari bila kura ya siri. Na mstari mfupi uliweza kushinda mrefu! Tulikuwa tunahesabu kwa macho yetu, halafu anatangazwa yule mwenye watu wachache, nasi tumesimama pale pale.

Kwa hiyo mashine ikinikataa kidole mimi husubiri tu. Lakini kisa cha huyo fundi wa mawe kimenigusa. Umri wangu vidole vimeisha pia.

Nairobi_Mvua
Niko na swali kwa mwenye uzi. Hii maneno ya "mpiga kura ajue haki yake" inanikera kidogo. Kwani mzee wa miaka sabini ndiye wa kusoma kanuni za uchaguzi? Karani amelipwa, amefunzwa, amekula kiapo. Akimfukuza mtu kosa ni lake na la waliomweka pale. Tukianza kusema "mngejua mngepiga kura" tunawaosha mikono wenye makosa.

Na tusijifanye mambo yalikuwa madogo. Siku ile yenyewe mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Chebukati, alisema karibu vifaa 200 vya KIEMS vimekwama, akaona si vingi kwa sababu vituo ni 46,229. Sawa, kwa hesabu ni vichache. Lakini kituo kimoja ni watu hadi 700, na kwa mtu aliyesimama pale, imekwama yote.

MwanaKivuko
@Nairobi_Mvua sikukatalii. Kosa ni la meza, si la mzee. Ila mie nilikaa upande wa meza. Mafunzo yetu yalikuwa siku chache, mambo mengi, na usiku wa kuamkia kura wengi hatukulala. Mtu mwenye usingizi humwambia mwenziwe "nenda" kwa wepesi sana. Kosa la karani litasahihishwa mahakamani mwezi Septemba, au halitasahihishwa kabisa. Mzee anataka kupiga kura leo. Neno moja tu lingemfaa: "Niitie msimamizi." Hilo halihitaji kusoma kanuni.

Mulembe_Mwema
Mimi ni wa Kakamega. Kwetu mashine haikukataa kidole cha mtu mmoja, ilikataa kuwaka kabisa. Tumefika saa 11 alfajiri, saa 3 hakuna kitu, saa 4 hakuna kitu. Watu wa shamba wakaanza kurudi, ng'ombe hazijakamuliwa. Baadaye tume ikaruhusu daftari la karatasi: vituo 154 kwetu Kakamega, na 84 kule Kibwezi Magharibi, Makueni. Lakini ruhusa ilitoka jua limeshapanda. Mpaka ifike kituoni, daftari lifunguliwe, ajenti mmoja aulize maswali, mwingine apige simu kwa bosi wake, mchana umeingia.

Waliorudi nyumbani asubuhi, wengine hawakurudi tena kituoni. Jirani yangu alinitumia mtoto kuuliza "zimewaka?" Nikamwambia bado. Zilipoanza sikuwa na mtu wa kumtuma, mimi mwenyewe niko kwenye laini na nikitoka nimepoteza nafasi. Hiyo bado inaniuma.

Halafu karatasi ya gavana hatukupewa. Watu wa Mombasa wanajua hiyo habari.

Fundi_Stima
Tunaijua sana 😂 Mombasa na Kakamega tulikuwa ndugu wa damu siku hiyo.

MwanaKivuko
Kwa wasiojua: jioni ya Agosti 8 tukiwa tayari tumepokea vifaa, ilitangazwa kwamba kura ya gavana Mombasa na Kakamega imeahirishwa. Karatasi zilikuwa na picha na maelezo yasiyo ya wagombea wetu. Ubunge nao uliahirishwa Kacheliba, Pokot Kusini, Rongai na Kitui Rural.

Sasa piga picha asubuhi. Kote nchini mtu anapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike, mwakilishi wa wadi. Sisi tunatoa tano. Kila mtu wa tatu anauliza "na ya gavana?" Wengine walilala kabla ya habari ya usiku, hawana habari. Wapo walioamini kabisa kwamba sisi makarani tumeificha. Bi mmoja alikataa kuondoka mbele ya meza, akasema atangoja hapo hapo mpaka karatasi yake ifike. Nikamwambia mama, haifiki leo. Akasema, "Basi mie nimekuja kufanya nini?" Ukweli ni kwamba wengi huja kwa gavana na mwakilishi wa wadi, hao ndio wanaowajua. Rais yuko mbali.

Tanga_Raha
Habari za huko wakuu. Naomba kuuliza mimi wa upande wa pili wa mpaka. Huku kwetu unakwenda na kadi ya mpiga kura na jina lako linatafutwa kwenye orodha ya karatasi. Karatasi za kura bara ni tatu tu, rais, mbunge na diwani, na Zanzibar ni tano. Vituo vinafungwa saa 10 jioni. Je, huko kwenu hamna kadi? Mtu akipoteza kitambulisho anafanyaje?

MwanaKivuko
@Tanga_Raha karibu sana. Hatuna kadi. Ni kitambulisho cha taifa au pasipoti, ile uliyojiandikishia. Hapo pana mtego: aliyejiandikisha kwa kitambulisho akaja na pasipoti hapokelewi, na kinyume chake. Nakala ya fotokopi hairuhusiwi, wala picha ya simuni. Wengi walikuja na karatasi ya kungojea kitambulisho kipya. Hao hata msimamizi hana la kuwafanyia. Dawa yake ni mapema, si siku ile.

Bi Shumi
Niongeze la wasioona. Mamangu haoni, 2022 nilimpeleka. Nimesimama naye, nimemshika mkono, mara ajenti mmoja anasema "msimamizi ndiye atakayemsaidia, ndiyo sheria". Msimamizi akakubali, akamshika mkono mamangu, na maajenti wakasogea nyuma yao kusikiza. Mamangu akataja majina ya wagombea wake sita kwa sauti, maana yeye hasikii vizuri pia. Darasa zima likajua. Hapo siri iko wapi?

MwanaKivuko
@Bi Shumi hapo mlikosewa, tena vibaya. Msaidizi anachaguliwa na mpiga kura mwenyewe. Anatakiwa awe ametimiza miaka 18, asiwe mgombea wala ajenti, na ajaze Fomu 32 kuapa kwamba atatunza siri. Msimamizi humsaidia yule aliyekuja bila mtu wake, hapo ndipo maajenti wanaposhuhudia. Sharti jingine: mtu mmoja anasaidia mpiga kura mmoja tu. Ukimsaidia mamako, huwezi kumsaidia na babako, atafute mwingine. Hilo huwazuia "wasaidizi" wa kukodi wa kushika mikono ya wazee ishirini kwa siku.

(Majina sita? Kama mlikuwa Mombasa yalikuwa matano 🙂)

Bi Shumi
Kaunti jirani, mwanangu. Sitaji.

Chai_ya_Maziwa
Na wenye watoto? 2017 mimi nilimwona mtoto mmoja amebebwa na wanawake watatu tofauti ndani ya saa moja. Mtoto mwenyewe amechoka, analia, kila akitulia anapewa mgongo mwingine. Mwaka huo habari zilisema kuna vituo vilivyowapaka watoto wino kidoleni wasiazimwe tena.

Fundi_Stima
Huyo mtoto amepiga kura nyingi kuliko sisi wote.

Kahawa Tungu
Msicheke. Mwenye mimba, mgonjwa, mzee, mwenye ulemavu, mama anayenyonyesha, hao wanatangulizwa na ni haki yao. Sasa kwa sababu ya hao wa kuazima watoto, mama halisi akija anazomewa. Binti yangu alizomewa. Akarudi nyuma akasimama juani na mtoto wa miezi miwili.

Nairobi_Mvua
Tuongee pia kuhusu kura zilizoharibika. 2022 kura za urais zilizokataliwa zilikuwa 113,614. Tofauti ya Ruto na Raila ilikuwa 233,211. Yaani zilizokataliwa ni karibu nusu ya pengo. Sisemi zingebadilisha mshindi, hakuna anayejua zilikuwa za nani. Nasema tu hao ni watu waliosimama kwenye laini kama sisi, wakapakwa wino, wakaenda nyumbani wakiamini wamepiga kura.

MwanaKivuko
Usiku wa kuhesabu ndio ulionisikitisha zaidi. Nimeziona. Moja imetiwa alama kwa wagombea wawili, pengine mtu alikosea kwa wa kwanza akaamua kusahihisha kwa wa pili. Nyingine haina alama yoyote, imekunjwa vizuri kabisa. Moja iliandikwa jina kamili la mpiga kura na nambari ya kitambulisho chini ya picha ya mgombea, kwa mwandiko mzuri wa darasani. Alidhani anatia saini. Ikakataliwa, kwa sababu alama inayomtambulisha mpiga kura inavunja siri.

Alama yenyewe si lazima iwe X. Vema inakubalika, hata dole gumba, mradi ionekane wazi ni kwa nani. Ukikosea kabla ya kutumbukiza debeni, usifute wala usikwaruze. Rudi mezani, mpe msimamizi ile karatasi, uombe nyingine. Ile ya kwanza inawekwa kando kama iliyoharibika. Siku nzima nadhani ni watu wawili tu walioomba kwetu, na wote walikuwa walimu.

Kingine ni vifuniko. Kila debe lina rangi yake na karatasi rangi yake, lakini ndani ya darasa la mwanga hafifu zambarau na buluu ni mtu na pacha wake.

Bukavu_Kwetu
Sisi huku Kongo tukisoma haya tunatikisa kichwa. Desemba 20, 2023 kura ilikuwa ya siku moja, ikaongezwa mpaka kesho yake kwa sababu vituo vingi vilifungua kwa kuchelewa au havikufungua. Kadi zenyewe za kura maandishi yalikuwa yamefutika, mtu anatoa kadi haina jina wala picha, watu walipanga mstari miezi mingi kuomba nyingine. Na ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kabisa, vita. Ninyi mashine yenu imekataa kidole, ya kwetu wengine hawakuiona.

Muscat_Nostalgia
Nami nichomeke langu. 2022 Wakenya wa nje walipiga kura katika nchi 12, na wote waliojiandikisha huko nje walikuwa 10,443 tu. Qatar ilikuwemo, Imarati ilikuwemo. Oman haikuwemo. Mimi niko Muscat, ningelazimika kuvuka mpaka kujiandikisha na kuvuka tena kupiga, na ningepata karatasi moja tu, ya rais. Dada wa kazi za nyumbani atapata ruhusa mara mbili kutoka kwa nani?

Mulembe_Mwema
@Muscat_Nostalgia tatizo hilo liko hata ndani ya nchi. Nusu ya vijana wa kwetu wako Nairobi na Mombasa na wamejiandikisha kijijini. Agosti nauli inapanda, wanabaki. Huwezi kupiga popote ila kituo chako. Kuhamisha kituo kunawezekana lakini ni kabla, daftari likishafungwa basi.

Chai_ya_Maziwa
Mwenye uzi, hujatuambia. Yule mzee wa mawe, alirudi kwa ya gavana? Mombasa ilipigwa tarehe 29, au siyo?

MwanaKivuko
Ndiyo, 29 Agosti. Kwanza ilisemwa 23, ikasukumwa tena. Nilikuwa karani strimu ile ile. Foleni hakuna kabisa, saa 4 asubuhi tumekaa tunatazamana na askari, maajenti wanasinzia. Mashine ziliwaka zote. Vidole vilisoma vizuri.

Nilimtazamia. Nilikuwa nimemwambia msimamizi wetu mapema kwamba akija mzee mwenye kofia hivi na hivi, tuanze na nambari ya kitambulisho moja kwa moja, tusimsumbue na kidole. Fomu 32A niliiweka juu ya meza tayari.

Saa 10 nikamwona mjukuu wake anapita nje ya geti na ndoo ya maji. Nikamwita, babu yuko wapi? Akasema yuko kazini, kuna nyumba inapigwa lenta. Nikamwambia mwite, saa nzima bado ipo. Akaniambia, "Nimemwambia asubuhi. Amesema yeye alishaenda."

Tulifunga saa 11 kamili. Fomu nikairudisha ndani ya sanduku.